Wanaume wa kanisa, magofu yanatuhitaji

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee jioni ya wanaume kanisani kwetu. Kwa kawaida ni chai, stori za mpira na maombi, lakini safari hii tukaishia kwenye uharibifu wa maeneo ya kale, watu wanaochora majina ukutani, wanaopiga spreyi, wanaochimbua makaburi wakitafuta mali, na ukumbi ulichemka kwelikweli.

Wengi walisema wekeni uzio, wekeni walinzi basi. Sawa, uzio unasaidia, ila mi nasema hapana, hautoshi. Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo kule Roma, ina walinzi na tiketi, na bado mwaka 2023 mtalii alichukua funguo akachonga jina lake na la mchumba wake kwenye ukuta wa jengo lililofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, halafu baadaye akaandika barua ya kuomba radhi akisema hakujua kama jengo ni la kale kiasi kile! Alijulikana kwa sababu mtalii mwenzie alimrekodi na simu. Na Luxor kule Misri, mwaka 2013 ilijulikana kwamba kijana wa miaka 15 alichonga jina lake kwenye mchoro wa hekalu la kale, aliyelifichua ni mtalii aliyepiga picha, na wazazi wa yule kijana ndio waliosimama kuomba radhi. Hapo ndipo iliponigusa, maana sisi ndio wale wazazi, ni wajomba, ni walimu wa Sunday school, tunapeleka vijana matembezi na tunawaona wakitoa misumari mfukoni tunanyamaza.

Na siyo utoto tu. Kondoa, Tanzania, kwenye michoro ya miambani iliyoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, watu wazima wamechimba mashimo chini ya miamba wakitafuta dhahabu eti ilifichwa na Wajerumani, na wakichimba hivyo wanavuruga tabaka za udongo ambazo ndizo zinazowaambia wataalamu nani aliishi pale na lini. Zikishavurugwa hazirudi. Timbuktu nayo, kule Mali, mwaka 2012 makaburi ya watakatifu wa Kiislamu yalibomolewa kwa jina la dini, na mwaka 2016 mahakama ya kimataifa ya uhalifu, ICC, ikamhukumu mmoja wa wahusika kifungo cha miaka 9. Hilo watu wa imani yoyote tulifikirie sana, kwa sababu mtu aliyebomoa pale aliamini anamtumikia Mungu. Sisi tunaosoma Mithali 22:28, kwamba usiondoe alama ya mpaka iliyowekwa na baba zako, tuna sababu ya kuwa wa kwanza kulinda hata kile kisicho cha dini yetu.

Sasa kuna kitu kilinitia wasiwasi. Mwisho wa kikao vijana wenye nguvu wakajitolea kwenda Jumamosi kwenye magofu na brashi za waya, mashine ya maji na mifuko ya saruji wakasafishe na kuziba nyufa. Moyo wao naupenda jamani, lakini wasiende hivyo. Rangi ya spreyi inaingia kwenye vitundu vya jiwe, ukisugua kwa waya au ukapiga maji ya presha unaondoa ngozi ya jiwe pamoja na rangi, na saruji kwenye ukuta uliojengwa kwa chokaa inazuia unyevu kutoka, jiwe linaanza kumomonyoka kwa ndani wakati nje panaonekana pazuri kabisa. Tunaloweza kufanya ni kupiga picha, kuandika tarehe na mahali, kuripoti kwa idara ya mambo ya kale na kuuliza mtaalamu kabla ya kugusa chochote, halafu kupangiana zamu ya kupita pale na kuongea na watu kwa upole.

Nawaomba viongozi wa vikundi vya wanaume, jioni moja mwiteni mtu wa makumbusho aje aongee nasi, chai ipo. Na wewe mhariri, mkipiga picha ya ukuta ulioharibiwa tafadhali fichani jina lililochongwa, wengine wanachonga ili waonekane na gazeti lisiwape nafasi hiyo.

Mwanachama wa umoja wa wanaume