Buletini za darasa zima katika PDF moja: barua kwa Yaya Kasongo

Lubumbashi, Jumapili jioni

Yaya Kasongo,

Salamu nyingi kutoka huku Kampemba. Nyumbani wote wazima, na mama anauliza ni lini utatoka Kolwezi uje kutuona. Nimepata ujumbe wako pamoja na zile faili, ya alama na PDF iliyotoka vibaya, nami nimezipitia zote kabla umeme haujakatika. Unauliza kama ni afadhali uachane na XML, ile faili ya alama iliyopangwa kwa tagi, urudi kujaza buletini (karatasi ya alama ya kila mtoto) moja moja kwa Word. Usirudi, yaya. Umebakiza kidogo sana. Nitakueleza kila kasoro inatoka wapi, ili hata prefe, mkuu wa shule yenu, akibadilisha sura ya karatasi mwaka kesho usikwame.

Nianze na lililo zito. Buletini zote zimebeba jina la mtoto mmoja, yule wa kwanza kwenye orodha. Kasoro iko kwenye njia ya kutafutia data uliyoandika katika kiolezo chako, //jina. Mikwaju miwili mwanzoni inamaanisha kutafuta upya kutoka juu kabisa ya faili, bila kujali umeshafika kwa mtoto gani. Ni kama kusimama katikati ya Katuba ukaita "Mwamba!": watageuka wengi. XSLT 1.0, lugha uliyoandikia kiolezo, ile ya mwaka 1999 inayokuja pamoja na FOP (programu inayotoa PDF), ikitakiwa kuandika thamani na ikapata majibu mengi, inachukua la kwanza tu na kuyaacha mengine. Kwake hilo si kosa, ndiyo maana hukuona onyo lolote. Andika jina bila mikwaju. Ukiwa ndani ya mwanafunzi, jina ni la mwanafunzi huyo, na kozi ni kozi zake yeye. Pitia kiolezo chote, na kila //kozi na //p1 (alama za peryodi ya kwanza) utakayoikuta uiondolee mikwaju vilevile.

Tena tushukuru kwamba kosa limejitokeza kwenye jina. Lingekuwa kwenye alama peke yake, kila mtoto angepewa hesabu za yule wa kwanza chini ya jina lake mwenyewe, na karatasi ingependeza kabisa. Mzazi husamehe mstari uliopinda au nembo ya shule iliyofifia. Lakini siku ya proklamasio, matokeo yanapotangazwa, mtoto yuko mbele ya watu, ameshika karatasi, na baba yake anahesabu asilimia pale pale. Mtoto aliyesoma kwa bidii akipewa alama za mwenzake, hakuna barua ya kuomba radhi itakayomtosha. Ndiyo maana kazi hii naichukulia kwa uzito, hata kama wengine wanaiona ni ya kuchapisha tu.

Sasa kurasa. Umefungua page-sequence (mfululizo wa kurasa) moja kwa darasa zima, halafu ukaagiza ukurasa ukatwe baada ya kila mtoto. Kukata inakata, lakini mbele ya FOP hiyo bado ni hati moja ndefu: namba za kurasa zinaendelea kutoka mtoto hadi mtoto, na kichwa cha ukurasa hakibadiliki kwa sababu kinaandikwa mara moja kwa page-sequence nzima. Geuza mpangilio. Anza na for-each ya mwanafunzi, amri inayorudia kazi kwa kila mmoja, na page-sequence iingie ndani yake, ili kila mtoto awe na ya kwake yenye initial-page-number="1". Kichwa kitabeba jina lake, na hesabu ya kurasa itaanza upya.

Kuna faida nyingine ambayo utaiona siku utakapofanya shule nzima badala ya darasa moja. FOP huachilia kumbukumbu ya kompyuta inapomaliza page-sequence. Ukiipa moja kubwa, inabeba kila kitu mpaka mwisho, na kompyuta ndogo kama ile ya sekretarieti yenu itaishiwa nguvu katikati ya kazi. Ukiigawa kwa mtoto, inamaliza mmoja, inaandika, inaendelea na wa pili.

Kwa "ukurasa 1 kati ya 2" weka bloku tupu mwishoni mwa kila mtoto, uipe id (jina la kuitambulisha), na kwenye kijachini uiite kwa page-number-citation, inayoandika namba ya ukurasa bloku hiyo ilipo. Id hiyo isijirudie popote katika hati nzima. Ukiandika "mwisho" kwa watoto wote, FOP itagoma. Iunge na namba ya mwanafunzi: mwisho-017, mwisho-018.

Ukishafanya hivyo utakutana na kurasa tupu kati ya mtoto na mtoto. Usihangaike kutafuta nafasi zilizozidi kwenye kiolezo. Hiyo ni kanuni ya XSL-FO yenyewe, lugha ya kurasa ambayo FOP inaisoma: page-sequence inayofuata ikianza na namba witiri, na 1 ni witiri, basi inayotangulia lazima iishie kwenye namba shufwa, hata kwa kuongezewa ukurasa mtupu. Kwa anayechapisha rekto-verso hilo ni jema, kwa sababu buletini ya mtoto mmoja haiwezi kuanzia mgongoni mwa karatasi ya mwingine. Kwa anayechapisha upande mmoja ni hasara, kwa kuwa utaingiza karatasi nyeupe kwenye mashine bure. Wewe unachapisha upande mmoja, kwa hiyo andika force-page-count="no-force" kwenye page-sequence, na kurasa hizo zitaondoka.

Nimeona pia mahali jumla imetoka NaN, yaani "si namba". Nimehesabu zile zilizopatwa, na zina sababu mbili tofauti. Usizitibu kwa dawa moja. Ya kwanza ni mtoto ambaye hakufanya mtihani, na kisanduku chake kiko wazi. XPath, lugha ya zile njia na hesabu, ikigeuza kisanduku kitupu kuwa namba inapata NaN, na sum() ikigusa NaN moja tu, jumla yote inaharibika. Ya pili ni zile 13,5 zilizotoka kwenye Excel ya Kifaransa. XPath inataka nukta, kwayo mkato si namba.

Jamaa wengi hapa hukimbilia kichujio kinachoacha kila kisichokuwa namba. NaN inaondoka kweli, lakini 13,5 nayo inatupwa kimyakimya na mtoto anapoteza alama alizopata kwa jasho lake. Rekebisha mikato kwanza, kwenye chanzo, kabla faili haijafika kwa FOP. Baada ya hapo chuja visanduku vitupu tu: mtihani[. != '']. Ukitaka mzazi aendelee kuona mkato kama alivyozoea, urudishe mwishoni kwa format-number, baada ya hesabu kuisha.

Na tafadhali, yaya, kisanduku kitupu usikigeuze kuwa sifuri. Chukua kozi yenye 20 kwa peryodi ya kwanza, 20 kwa ya pili na 40 kwa mtihani. Mtoto mwenye 15 na 14, aliyelazwa na malaria wiki ya mitihani, ana 29 kati ya 40 alizofanyia kazi. Ukimwandikia sifuri, karatasi itasema 29 kati ya 80, yaani ameanguka. Acha mstari mahali pa alama na uamuzi umwachie mwalimu na prefe. Si kazi ya kiolezo kumhukumu mtoto.

Majina ni jambo fupi. "JosÃ©phine" inatokea kwa sababu faili imehifadhiwa kwa UTF-8 lakini mstari wake wa kwanza unatangaza ISO-8859-1, namna nyingine ya kuhifadhi herufi. Badilisha tangazo hilo tu. Ikiwa kinyume chake, faili ya zamani inayodai ni UTF-8, kisomaji kitakataa kuendelea. Na alama & kwenye jina la kozi iandikwe &, la sivyo faili nzima haitafunguka. Ukiona alama ya reli # mahali pa herufi, shida iko kwenye fonti. Fonti hiyo haina herufi inayotakiwa, chagua nyingine.

Mwenzako anasema JasperReports, programu nyingine ya kutengeneza ripoti, ingekuwa rahisi zaidi. Ana haki yake. Ukiwa na Jaspersoft Studio, chombo chake cha kuchorea, unavuta visanduku kwa macho badala ya kuandika tagi, na kwa mtu anayeanza hiyo ni nafuu kubwa. Wazo ni lile lile: unaunda kundi la mwanafunzi, unaliagiza lianze ukurasa mpya na lihesabu kurasa upya. Ila mwonye kuhusu jambo hili. Kundi la Jasper hufungwa pale thamani inapobadilika kutoka rekodi moja hadi inayofuata, halichunguzi zaidi ya hapo. Akiligawa kwa jina, na orodha ikiwa kwa alfabeti, watoto wawili wanaoitwa Ilunga Mwamba watafuatana na watatoka kwenye buletini moja kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kozi maradufu. Huku kwetu Katanga, darasa lisilo na majina yaliyofanana ni la kutafuta. Agawe kwa namba ya mwanafunzi, na data ipangwe kwa namba hiyo hiyo. Mimi nakushauri ubaki na FOP kwa sababu kiolezo chako kimeshafika mbali, tena kazi nzima inakwenda bila intaneti kwa amri moja: fop -xml alama.xml -xsl buletini.xsl -pdf darasa.pdf.

Umesema prefe anataka kutuma PDF kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mkatalie kwa heshima. PDF ya darasa zima ni ya kuchapisha na ya kuhifadhi ofisini. Mzazi mmoja hana sababu ya kuona alama za mtoto wa jirani, na watoto wenyewe wataumia. Kwa wazazi toa faili ya mtoto mmoja mmoja kwa kiolezo kile kile: ongeza parameta, kisha ita FOP kwa -param namba 017, na for-each imchukue mwenye namba hiyo tu. Kwa ile faili kubwa ya prefe ongeza bookmark-tree, ikae baada ya layout-master-set na kabla ya page-sequence ya kwanza. Majina yatajipanga kando ya ukurasa, naye akibonyeza jina atafika kwa mtoto huyo. Ataipenda.

Kabla hujapeleka chochote kwa wale wa fotokopi, chukua watoto wanne: wa kwanza kwenye orodha, wa mwisho, yule aliyekosa mtihani, na mmoja mwenye 13,5. Kaa na mwalimu na daftari lake, mlinganishe alama moja moja kwa kidole. Wakikubaliana wote wanne, chapisha. Wasipokubaliana nitumie kiolezo hata usiku, nitakiangalia nikipata umeme.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anasema ukija ulete ndoo yake.

Mdogo wako,
Mwansa