Msiuze Shamba la Hindi

Edmonton, Novemba 2025

Kwa Mama, na kwa Ami,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mama shikamoo, Ami shikamoo. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Baridi imeshaingia, lakini nyumba ina joto na kazi ipo.

Nimeona heri niandike, maana kila nikipiga simu ukumbi umejaa watu, kila mmoja ana lake, na mtandao unakatika kabla sijalifikia nililopigia. Kaka awasomee taratibu, asiruke.

Nimesikia mmekaa kikao, upande wetu na upande wa wakwe, mkakubaliana shamba la kule Hindi, Lamu bara, liuzwe ili pesa ziingie kwenye akaunti yangu, nionekane nina uwezo wa kumleta mume wangu huku Canada. Nimesikia na dalali ameshapelekwa kuliona. Tangu bandari ijengwe Kililana, madalali hawakosekani Hindi, na huyo hatawangoja. Kwa hivyo nalisema mapema, kwa heshima zote: shamba lisiuzwe. Pesa hizo hakuna mtu huku atakayeniuliza.

Yule bwana wa Mombasa aliyewaambia kwamba lazima benki kuwe na zaidi ya dola 20,000 za Canada amechanganya mambo, au ameyachanganya makusudi ili apate cha kuwauzia. Kiwango kama hicho kipo, ila anayekionyesha ni mwanafunzi anayeomba kuja kusoma. Kipimo cha kipato cha miaka mitatu mfululizo nacho kipo, ila ni cha anayetaka kuwaleta wazazi wake. (Ndiyo, Mama, nimekichungulia. Bado niko mbali nacho.) Kwa mume au mke, Canada haina kima cha chini cha kipato, isipokuwa pale ambapo mtoto wa huyo anayeletwa naye ameshapata mtoto wake. Sisi hata huyo wa kwanza hatujajaaliwa.

Wanachotaka kujua ni kama naishi kwa msaada wa serikali, ule wanaopewa wasio na kitu. Anayeupokea hawezi kumdhamini mtu, ila kama anapewa kwa ajili ya ulemavu. Mimi siupokei. Mwaka jana walipotupunguzia saa pale ninapofua nguo za wazee, nilichukua bima ya ajira, na shangazi akatangaza mtaa mzima wa Langoni kwamba nalishwa na serikali. Ile ni bima. Tunakatwa wenyewe kwenye mshahara, na katika jambo hili haihesabiwi kuwa msaada.

Sasa nije kwenye lile ambalo hakuna aliyeniuliza, nalo ndilo zito. Ninapomdhamini, natia saini ahadi kwa serikali kwamba kwa miaka mitatu, tangu siku atakapopewa ukaazi wa kudumu, chakula chake, mavazi yake, malazi yake na matibabu yasiyolipiwa na serikali, kama ya meno na macho, ni juu yangu. Akienda kuomba msaada wa serikali katika miaka hiyo, deni ni langu, na mpaka nililipe sitaweza kumdhamini mtu mwingine. Nikifutwa kazi, ahadi iko palepale. Tukiachana, talaka haiifuti. Hata yeye akipata uraia kabla ya miaka mitatu kwisha, haifutiki. Nimekaa na karatasi ile siku kadhaa kabla ya kutia saini, na sikuwa nafikiria benki hata kidogo. Nilikuwa nafikiria tabia yake, jinsi anavyoamka kabla ya alfajiri kwenda kwenye nakshi zake za milango hata pale ambapo mwenye mlango hajamlipa.

Najua na lile linalosemwa barazani, kwamba mwanamume gani anayeandikiwa kulishwa na mkewe. Ami, wewe unaijua dini kuliko mimi: nafaka, yaani matunzo ya mke, ni juu ya mume, na hilo halijabadilika. Karatasi ni baina yangu na serikali. Yeye akishapata ukaazi ana ruhusa ya kufanya kazi siku hiyohiyo, na nyumba za huku ni za mbao kuanzia sakafu hadi paa. Sina wasiwasi naye. Na wakwe wanaoogopa kwamba nitamfunga, waambieni kuna na upande wangu: akishaletwa kwa udhamini wangu, hawezi kumdhamini mke mwingine mpaka ipite miaka mitano. Nilipomwambia alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Ada zote pamoja, kwa mwaka huu wa 2025, ni dola 1,205, na dola 85 za alama za vidole. Kwa shilingi inapita laki moja. Ila si lazima zilipwe kwa mkupuo. Nimelipa 630 za maombi na 85 za vidole. Zile 575 za haki ya ukaazi zinaweza kungoja hadi karibu na mwisho, na maombi yakikataliwa hizo hurudishwa. Nimeanza kuziweka kidogokidogo. Kama kuna ndugu anayetaka kusaidia, amsaidie mume wangu nauli: mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha Nairobi kwa alama za vidole, na kwa daktari vilevile, kwa sababu daktari lazima awe kwenye orodha yao, si yeyote tu. Hapo ndipo pesa zitakapohitajika kweli, na ni za basi, wala si za shamba.

Cheti cha tabia njema cha polisi akianzishe eCitizen, ule mtandao wa serikali, alipe zile shilingi 1,050, kisha akachukuliwe vidole. Na aangalie jina lake. Kwenye kitambulisho ameandikwa Mohamed, kwenye cheti cha kuzaliwa Muhammad, na kwenye cheti cha ndoa karani akaandika kama alivyosikia. Kwetu ni mtu mmoja, lakini ofisa asiyemjua anaona watu watatu. Aende kwa wakili ale kiapo kwamba majina yote ni yake, na hati hiyo aiskani pamoja na vyeti.

Mama, kubwa ninalokuomba wewe ni picha. Ofisa anataka kuona kwamba ndoa ni ya kweli: picha za harusi, za familia zote mbili, mazungumzo yetu ya simu, pesa tulizotumiana. Risiti za M-Pesa ninazo, na habari za samaki aliokuletea kila Ijumaa ningemwambia ofisa lau angeniuliza. Lakini picha! Harusi yetu ilikuwa ya Kiamu hasa. Wanaume wana picha zao, kofia na kanzu, mimi simo. Siku ya kupamba, ile ya wanawake watupu, simu zilizuiwa mlangoni, na ulizizuia wewe. Ukizitazama zote utadhani bwana harusi aliolewa na wajomba zake. Ila nakumbuka wifi alitupiga picha sote kiwandani, pale uani ndani ya nyumba, mimi na mume wangu tumekaa, wewe na mama mkwe mmesimama nyuma, Ami pembeni. Mwambie azitafute kwenye ile simu yake ya zamani hata kama kioo kimepasuka. Na zile za kwenye daka, pale barazani mlangoni, tulipokuwa tunaagana, nazitaka zote, hata zile ambazo nimefumba macho.

Mwaka huu sitakuja, nanyi msione nimejitenga. Mimi si raia bado, nina ukaazi tu, na mwenye ukaazi lazima awe anaishi Canada ndipo amdhamini mkewe au mumewe. Kuja kukaa Lamu miezi tukingoja pamoja, kama mama mkwe alivyopendekeza, ni kuyavuruga maombi. Nitakuja atakapokuwa amefika huku, tuje wawili.

Ami, tafadhali mwambie yule dalali mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba hakuna linalouzwa. Akiambiwa na mtoto hatasikia. Na yule wa Mombasa asipewe hata shilingi, wala asipewe nakala ya kitambulisho cha mtu.

Wasalimieni wote, Langoni na Mkomani. Mama, dua zako.

Binti yenu.

Nimekumbuka jambo. Nasikia binamu anataka kuozwa kwa simu na yule mchumba wake aliye Toronto, kisha ndipo waanze maombi. Mzuieni. Tangu 2015 Canada haikubali, kwa mambo ya uhamiaji, ndoa ambayo mmoja hakuwepo mwenyewe inapofungwa, iwe kwa simu, kwa intaneti au kwa wakala. Ndiyo sababu mimi nilishikilia nikahi isomwe nyumbani nami nikiwepo, Ami akanuna kwa kuwa wanaume wote walikuwa wanangoja msikitini. Huyo mchumba aje Lamu, waozwe mbele ya kadhi, watie saini wote wawili. Nauli ni ghali, lakini waanze hapo.