Asante mzee wa baiskeli pale Mpwapwa

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Mimi ni yule kijana niliyekuja na mama Jumamosi tukiulizauliza tembe (ile nyumba ya udongo ya paa bapa) la babu yake, ambaye kwenye ukoo wetu tunaambiwa ndo alifyeka pori na kulima wa kwanza upande ule. Watu kibao walituambia hamna kitu pale, we ukashuka kwenye baiskeli ukaisukuma na jua lile la saa saba mpaka tukafika.

Jamani ukuta mmoja bado umesimama! Ulimshika mama mkono ukauweka kwenye udongo ukamwambia pitisha hapa, na kweli alama za vidole vya waliokandika zipo, zimekaukia hapohapo. Mama alilia sana. Halafu ukatuonyesha boriti imelala chini nyeusi tii kwa moshi, ukaeleza paa lilivyokuwa bapa, fito juu ya boriti kisha udongo, na ng'ombe walilala uani katikati nyumba ikiwazunguka, ndo maana fisi hakupata pa kupenyea. Kumbe walihama miaka ya 1970 watu walipopelekwa vijiji vya ujamaa, mi miaka yote nilidhani ni njaa iliwatoa.

Nilitaka kukupa hata ya soda ukakataa, ukapanda baiskeli yako ukaondoka, jina hatujauliza. Kipande cha ile boriti mama kakiweka kabatini hapa Dodoma mjini, kila mgeni anaonyeshwa. Asante sana mzee wangu, umeturudishia babu.