Jina la programu huria nalo lina mwenyewe

Ndugu Mhariri, salaam.

Nimechoka kusoma hii kauli kwamba programu huria (open source) "haina mwenyewe, chukua tu ufanye unavyotaka". Ni kweli nusu. Kodi (siyo ile ya TRA jamani, nasema yale maandishi ya madevelopa) leseni inakuruhusu uichukue, uibadilishe, uigawe, hata uiuze, lakini jina na nembo ni habari nyingine kabisa. Mtu anaweza kukupa mapishi yote ya pilau yake na ruhusa ya kuipika kuuza, ila kibao cha mgahawa wake hukigusi.

Muulize yeyote aliyekuwa anatumia Debian, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, miaka ile. Mwaka 2006 Mozilla, wenye Firefox, waliwaambia Debian kwamba kama mnataka kuiita brauza yenu Firefox basi muweke na nembo yetu rasmi, na viraka vyote (marekebisho ya kodi) mnavyoweka tuvipitishe sisi kwanza. Sasa nembo yenyewe haki zake hazikuwa huria, na Debian wana sheria yao kwamba hawapokei ruhusa ya kwao peke yao, lazima na anayechukua kutoka kwao awe na haki zile zile. Halafu toleo lao la stable, lile tulivu, linakaa miaka, wao ndo wanalirekebishia usalama, wasubiri mtu akubali kila kiraka? Wakakataa. Brauza ikawa Iceweasel, kicheche wa barafu badala ya mbweha wa moto (kejeli hiyo wanaijua wenyewe), na Thunderbird, ile ya barua pepe, ikawa Icedove. Ndani kitu kile kile, ila watumiaji wapya walihangaika kweli kutafuta Firefox kwenye menyu. Ilichukua mpaka 2016 Mozilla kukubali kwamba viraka vya Debian haviharibu kitu, nembo nayo ikawa imeshalegezwa, jina likarudi. Miaka kumi!

Na hao angalau walikubaliana, wengine hawakufika huko. Kampuni ya Oracle walipoinunua kampuni ya Sun mwaka 2010 waliikuta Hudson humo ndani, programu huria ya kuwajengea na kuwajaribia madevelopa kodi zao, wakasema jina ni letu. Watu wa mradi wakapiga kura, tarehe 29 Januari 2011, kura 214 kwa 14, wakahama na kodi yao wakaiita Jenkins. Leo Hudson nani anaitumia? OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyokuja kwa Oracle pamoja na Sun, ndo inaniuma zaidi, maana hiyo tulikuwa na mkono wetu, mradi wa Kilinux na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004. Wanajumuiya wa OpenOffice walihama na kodi wakaanzisha LibreOffice 2010 wakamuomba Oracle awaachie jina, hakuwaachia, mwaka uliofuata akawapa taasisi ya Apache. Mpaka leo kuna watu wanadaunlodi OpenOffice kwa sababu tu ndo jina wanalolijua, wakati kazi kubwa inafanyika kule LibreOffice.

Hata Linux yenyewe, kiini cha mifumo kama Debian, mwaka 1994 kuna jamaa wa Boston ambaye hakuwa na lolote kwenye kuiandika aliomba kuisajili kama alama yake Marekani, akaanza kuwadai watu hela, na ni mpaka 1997 ndo ikaja mikononi mwa Linus Torvalds aliyeianzisha.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Mnapoandika habari za vijana wetu waliotoa programu huria, na siku hizi mnawaandika sana, hongereni, msiishie kuuliza leseni gani na imepakuliwa mara ngapi. Waulizeni jina limesajiliwa kwa nani, la mwanzilishi, la mfadhili, au kuna taasisi inalishika kwa niaba ya wote kama Software in the Public Interest inavyolishika la Debian. Na mfadhili akiondoka, jina anaondoka nalo?

Msomaji wenu,
Dar es Salaam