Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu wa Matuta ya Uyoga

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na mihtasari ya vikao iko kwa katibu. Mimi nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: kuutoa uyoga mamama vibandani na kuupanda nje, kwenye matuta ya vibanzi vya miti.

Sababu mnazijua. Uyoga wa mifuko, yaani ule wa vibandani, unadai malighafi ichemshwe au ipikwe kwa mvuke, na bei ya kuni na mkaa imetuchosha. Vibanzi vya mti uliokatwa karibuni havijavamiwa sana na ukungu wa kushindana na mbegu ya uyoga, yaani utando wake mweupe uliooteshwa tayari. Unavilowesha usiku kucha, unavichuja, kisha unapanga: tabaka la vibanzi, mbegu, vibanzi tena, mpaka tuta lifike kina cha sentimita 15 hivi, na juu yake unafunika kwa majani ya mpunga. Jiko haliwashwi. Mamama ni uyoga wa mti uliokufa, hivyo hata ukiwa na mche hai kando ya tuta hauna haja ya kuuhofia.

Kuhusu miti, kwetu mwembe umeongoza. Mwarobaini naomba msilete tena, hata wa bure, maana kile kinachofukuza wadudu humo huzuia kuvu pia. Mkaratusi ukae kwanza nje, upigwe na mvua hadi harufu ipungue. Maranda ya mafundi mitumbwi ni mali, mradi yasiwe ya mbao zilizopakwa rangi, lami au dawa. Uyoga hunyonya na kuhifadhi madini mazito kama risasi, na mlaji hatajua kwa kuonja.

Kwa sababu hiyo hiyo bado napinga hoja ya kutumia magugu maji badala ya vibanzi. Ni kweli mamama humea vizuri juu ya magugu maji yaliyokaushwa, na ziwani yamejaa. Lakini gugu hili lina sifa ya kufyonza uchafu wa majini, na yale ya karibu na midomo ya mitaro ya mjini nisingependa yafike mezani kwangu. Wanaotaka wayatumie kwa mboji ya maua.

Nije kwa mchwa, maana hapa ndipo tulipopata hasara. Tuta la vibanzi vibichi, lenye unyevu, kwenye kivuli, ni karamu. Matuta kadhaa ya upande wa Buswelu, hapa Mwanza, yalionekana salama kwa juu. Ukifunua majani ya mpunga unakuta udongo mwekundu umeshika nafasi ya vibanzi, na utando mweupe umebaki vipande kama viganja. Kumwaga dawa ya wadudu kwenye kitu tutakachokula hatuwezi. Suluhisho limetoka kwa wenzetu wanaoishi vilimani, ambao siku zote tuliwahurumia kwa kukosa udongo. Wao wamejenga tuta juu ya mwamba wenyewe: mawe pembeni kama fremu, mchanga kidogo chini, vibanzi juu. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya jiwe tupu. Unaiona asubuhi, unaibomoa kwa kijiti, basi. Dosari ya mwamba ni joto. Bila mti wa kivuli au turubai iliyoinuliwa, mchana jiwe hupika mbegu. Na maji hukimbia, kwa hiyo kumwagilia ni asubuhi na jioni wakati wa kiangazi.

Kuna wachache waliochimbia vibanzi ndani ya udongo wa bustani ya mchicha, kisha mchicha ukawa wa njano. Mti ukioza ndani ya udongo, vijidudu vinavyouozesha hukomba naitrojeni ya mboga. Vibanzi vikae juu ya udongo. Tuta likishachoka, na vibanzi vimekuwa laini vya kuvunjika mkononi, hapo ndipo vinafaa kwa mboji.

Soko sitalipamba. Tuta la nje linafuata mvua: wakati wa vuli na masika uyoga huja wote kwa pamoja, na Juni hadi Septemba ni kubahatisha. Ahadi ya kupeleka uyoga mbichi hotelini kila wiki tusiitoe tena kwa kutegemea matuta. Wa vibandani wabaki kwa wateja hao, na wa matuta tuukaushe. Uyoga mbichi ni maji kwa takribani asilimia 90, kwa hiyo kilo 10 hubaki kama kilo moja. Bei ya mkavu ipangwe kwa kukumbuka hilo. Chanja za kuanikia dagaa zinafaa, ila ziwe mpya. Mnajua kwa nini.

Jambo moja silifanyii mzaha. Kwenye tuta la nje huota pia uyoga ambao hatukuupanda. Mamama huota kwa mafungu, shina lake liko pembeni au halionekani kabisa, na vijistari vya chini ya kofia hushuka mpaka kwenye shina. Upo uyoga mkubwa mweupe wa kwenye nyasi, wenye mwavuli na pete shinani, ambao kofia yake ukiilaza juu ya karatasi nyeupe huangusha vumbi la kijani. Ule unatapisha vibaya sana. Uyoga wowote wenye shaka hauliwi wala hauuzwi kwa jina la chama. Hoja ya bibi fulani kwamba sufuria ikiwekwa sarafu ya fedha sumu itajionyesha, haina ukweli.

Leo tutapiga kura juu ya mambo mawili: kanuni hiyo ya uyoga wa shaka iingie kwenye katiba, na chama kikodi mashine ya kukatia matawi yawe vibanzi kabla ya vuli, kwa zamu, kila kikundi kikiwa na lundo lake tayari. Mbegu zitagawiwa baada ya kikao. Mje na ndoo yenye mfuniko, mzibebe kivulini, na zipandwe ndani ya wiki hii.