Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Kisumu

Ndugu wanachama mnaowasaidia walalamishi wa kesi za unajisi na ubakaji,

Mafunzo, ziara za vituo vya polisi na kikao cha Desemba mnavijua, katibu ameviandika. Fedha nazo: wanachama 61, waliolipa ada 24, shilingi 2,400 kila mmoja, jumla 57,600, nayo kodi ya ofisi 60,000. Mkutano wa Agosti akidi haikutimia. Waliokosa ndio hao hao wanaolalamika kwamba hawakushauriwa.

Niingie kwenye jambo lililozua maneno. Kamati, kwa pendekezo langu, iliamua kwamba hakuna mwanachama atakayemsaidia mlalamishi katika rufaa ya unajisi au ubakaji kabla ya kusoma mwenendo wote wa kesi uliochapwa, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, na kujaza ukurasa mmoja wa maelezo. Nimeambiwa ninawashuku watoto. Hilo nalikataa.

Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mshtakiwa kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu. Hayo ya kuandika sababu ndiyo mnayoyaruka. Tangu uamuzi wa kesi ya Okeno wa 1972, jaji wa rufaa ya kwanza hupima upya ushahidi wote akikumbuka kwamba yeye hakumwona shahidi. Hakimu akiandika "nimemwamini" akaishia hapo, jaji atashika nini? Rufaa ya pili nayo husikiliza hoja za sheria tu.

Msikimbilie DNA. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hakiilazimishi, na P3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari, huonyesha jeraha bila kumtaja aliyelitia.

Tazameni ushahidi unavyoharibika njiani. Mtoto anasema kwa Dholuo, karani anatafsiri, hakimu anaandika kwa Kiingereza. "Alinifanyia tabia mbaya": kiongozi wa mashtaka asipouliza papo hapo alifanya nini na kwa kiungo gani, wakili wa mrufani atadai kupenya hakukuthibitishwa. Mtoto wa chini ya miaka 14 huulizwa kwanza kama anaelewa kiapo na wajibu wa kusema kweli. Maswali na majibu yaonekane kwenye mwenendo. Hakimu akihamishwa kesi ikiwa katikati, mshtakiwa aelezwe haki yake ya kutaka mashahidi waitwe tena. Hilo lisipoandikwa, kesi yaweza kuamriwa isikilizwe upya, na mtoto asimulie yote mara ya pili.

Kutofautiana kuhusu saa au rangi ya shati si kitu. Lakini jina alilomtajia mama usiku ule likiwa si lile lililo kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, hapo pana kazi. Hata anapomtaja jirani anayemfahamu, ambaye kumtambua ni rahisi kuliko mgeni, lazima ijulikane taa ilikuwa wapi na walikaribiana kiasi gani.

Barua za "mtoto hasemi uongo" mnazotaka nitie sahihi si ushahidi, na sitazitia. Anayedhani huu ni ukali angalau ausome huo ukurasa. Niliuandaa mwenyewe, bila posho.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutatafuta mfadhili, na huenda tukazungumza na viongozi wa mashtaka na makarani. Ukurasa unapatikana kwa katibu. Wenye deni la ada wamwone mweka hazina leo kabla ya chakula.

Mwenyekiti