Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Sisi tunaoagiza kutoka nje kauri za maabara, yaani vifaa vya udongo au madini vilivyochomwa, tulikuwa na wateja mwaka mzima. Maabara zinazopima dhahabu Geita na Mwanza huhitaji vyungu vya kuyeyushia sampuli, pamoja na vikombe vidogo vya majivu ya mifupa au magnesia (oksidi ya magnesi) ambavyo hutumika mara moja tu, kwani kikombe hunywa oksidi ya madini ya risasi iliyoyeyuka mpaka juu yake kibaki kitone cha dhahabu na fedha. Hasara zetu kubwa zilitokana na karatasi, yaani ankara na hati za mizigo, na hapo ndipo ninapotaka tutulie.

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaotumiwa na forodha, ambao toleo lake lililopo lilianza Januari 1, 2022, kauri nyingi ziko sura ya 69. Vyungu vinavyohimili joto kali la tanuri, na hata vikombe vya kupimia dhahabu, vimetajwa waziwazi katika namba 6903. Vifaa vya maabara, kemia na ufundi viko 6909, ambamo porseleni (kauri nyeupe ngumu) ina kifungu chake na vitu vyenye ugumu wa 9 au zaidi kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu kuanzia 1 hadi 10, vina chao. Vyombo vya mezani na jikoni viko 6911 na 6912. Mwezi Machi mzigo wangu ulikaa bandarini Dar es Salaam siku 11 kwa sababu ankara ilisema "vikombe vya kauri" tu, na aliyeukagua akaona vyombo vya chai. Simlaumu. Ankara ile niliipokea kabla meli haijaondoka na sikuisoma, nikalipia uzembe huo kwa gharama za kuhifadhi mzigo huku mteja akisubiri.

Safari nazo zimerefuka. Tangu mwishoni mwa 2023 kampuni nyingi za meli zinaikwepa Bahari ya Shamu, hivyo mizigo mingi ya kutoka Ujerumani na Uingereza hulazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na anayeagiza akiba inapokaribia kwisha amekwisha kuchelewa.

Kuhusu vifaa vinavyovunjika njiani, nawaomba mfungue makasha mbele ya wakala kabla ya kutia saini. Kigonge chungu cha porseleni kwa ukucha: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu, ingawa kwa macho ufa huo hauonekani, na kikiingia tanurini kitapasuka na sampuli ya mteja ndani yake.

Kamati imeandaa maelezo ya mfano ya ankara yanayotaja malighafi, matumizi, ugumu na joto ambalo kifaa kinahimili. Kila mwanachama amtumie muuzaji wake maelezo hayo pamoja na oda, na ankara ya awali ipitiwe na Katibu kabla fedha hazijalipwa.

Mwenyekiti